Sufuri Baada ya Siku Arobaini

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na lina sheria yake: asiyeonekana kijiweni bila kuaga, siku akirudi husimama mbele ya wenzake akajieleza, ndipo apewe kahawa. Aliyeitunga ni Mzee Muhuri, karani mstaafu aliyegonga mihuri miaka thelathini na moja na mkono bado unamwasha. Kinyozi, wanayemwita Mashine, aliiunga mkono kwa kuwa yeye haondoki hapo. Shangazi mwenye birika hakuulizwa. Basi asubuhi hiyo akatokea Taratibu, binti anayetengeneza programu za simu, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake. Baridi yabisi ilimkamata magoti na vidole tangu ana miaka kumi na tisa. Siku tisa hakuonekana. Akaja hatua kwa hatua, akafika, akakaa.

— Simama kwanza, binti, — akasema Mzee Muhuri. — Sheria ni msumeno.

— Leo sisimami, mzee wangu.

— Kisa?

— Kisa ndiyo haya magoti. Nilikuwa kitandani. Maelezo nitayatoa nimekaa, na kahawa nitakunywa nimekaa.

Muhuri akamtazama Mashine, Mashine akatazama kitana. Uasi wa namna hiyo haukuwahi kutokea. Shangazi akamimina kikombe akampa binti bila kuomba ruhusa ya mtu.

— Una neno wewe, mwanangu. Liteme.

Neno alikuwa nalo, na lilikuwa limemkaba tangu jana. Ofisini kwao wametengeneza programu ya kuwakumbusha dawa watu wenye maradhi ya kudumu. Kila siku ukimeza, namba inapanda. Ukikosa siku moja inarudi sufuri, nyekundu, kioo kizima, na kengele juu yake. Waliijaribu wenyewe kwa wenyewe, vijana wazima wakimeza peremende, wakapigiana makofi. Kisha wakapewa wagonjwa. Mama mmoja mwenye selimundu akafika siku ya arobaini, akalazwa wiki nzima, akarudi nyumbani hoi, akafungua simu akakuta sufuri. Akaifuta programu, na dawa zenyewe akaziacha. Taratibu anataka sufuri itolewe. Jana bosi alimpigia simu, akampa mpaka saa nne asubuhi hii: aiache kama ilivyo, au arudishe kitambulisho cha kazi.

— Hilo nalo tatizo? — akasema Muhuri. — Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hawezi kuinama, mzee. Ndiyo maana anaitwa mgonjwa.

— Basi kengele haitoshi. Weka king'ora. Asipomeza, kilie mpaka jirani atoke nje.

— Na mwenye kipandauso?

— Huyo ndiye atakayekisikia vizuri.

Mashine akaona anapitwa.

— King'ora kinazoeleka. Tuma picha. Asipomeza, sura yake ifike kwenye simu za mtaa mzima: huyu hapa, hajameza. Aibu ni dawa, dada.

— Na asiyetaka watu wajue anaumwa?

— Mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tunamsaidia kufichuka mapema.

— Picha tu? — Muhuri akasogea mbele. — Simu ijifunge. Asipige wala asipigiwe, mpaka alete barua ya daktari, nakala tatu, zote zimegongwa muhuri.

— Akizidiwa, huyo daktari atampigiaje?

— Aombe kibali kabla hajazidiwa. Haraka haraka haina baraka.

— Mngempa kazi hiyo mama mkwe wangu, — akasema Shangazi. — Yeye hukumbusha mpaka dawa za majirani.

Wakacheka. Taratibu hakucheka. Hasira ilimpanda, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hawa walikuwa watu wake. Bosi naye alisema hayo hayo, ila kwa sauti ya chini na michoro ukutani.

— Mmewahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja?

— Mgonjwa haulizwi uji, — akajibu Muhuri, ameridhika kabisa.

— Haulizwi kwa sababu anapewa tu, mzee. Hakuna aliyesema apigwe nao.

Shangazi akaguna. Taratibu akaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

— Mgonjwa ni mimi. Niulizeni. Siku tisa kushika kijiko tu ni kazi. Programu nimeitengeneza mwenyewe, naijua ndani nje, na bado ile nyekundu ilinifanya nijione mzembe. Nataka mtu akirudi ifunguke kimya, imwambie karibu, imwonyeshe dawa ya leo. Kitufe kimoja kikubwa. Basi.

— Huko ni kudekezana, — akasema Mashine. — Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Yule mama ana wajukuu wawili.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni, seremala mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alikuwa akingoja kunyolewa kwa mkasi, maana mlio wa mashine ya kunyolea, alisema, humwingia kwenye meno. Tangu habari za king'ora alikuwa ameziba masikio. Sasa akaondoa viganja.

— Samahani. Hiyo sufuri inatibu nini?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama anayetaka kipimo cha mlango, akasubiri. Mashine akakung'uta shuka lisilo na nywele. Taratibu akatoa kompyuta kwenye mkoba, akabonyeza kwa kidole kimoja, kile kisichovimba sana, mara nne. Simu yake ikaita. Alikuwa bosi.

— Umeamua?

— Bosi, sufuri inatibu nini?

— Hayo tulishayajadili, dada.

— Hatukuyajadili. Ulisema inavuta watu. Mimi nauliza inatibu nini.

Kule kiti kikalia.

— Timu nzima imeikubali.

— Timu nzima ina afya. Nimeshaitoa, bosi, na mama yule nampigia mimi mwenyewe leo. Kitambulisho tuma mtu aje akichukue hapa kwa kinyozi. Ngazi zenu leo siziwezi.

Akakata. Akarudisha kompyuta kwenye mkoba. Seremala alikuwa bado anawatazama mmoja mmoja, anangoja jibu lake.