Miaka Mitano Aliyoongezewa Kibibi

Nani kati yenu anajua kwa hakika Kibibi alikuwa na miaka mingapi? Nauliza kwa sababu fundi wa vibao amenifuata mara mbili tangu asubuhi, brashi mkononi, akitaka mwaka wa kuzaliwa, na kibao chenyewe kile pale kimeegemezwa ukutani, kina jina, kina tarehe ya kufariki, na katikati kina nafasi tupu ya tarakimu nne. Cheti cha hospitali kinasema marehemu alikuwa na miaka thelathini na saba, mama yake mzazi anasema thelathini na miwili. Mniwie radhi, ndugu waombolezaji, mimi ni shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, familia imeniomba niwasomee historia yake, na historia ya mtu huanza na tarehe ya kuzaliwa, nami tarehe hizo ninazo mbili.

Nitaanza na ile ya mama yake, kwa kuwa yeye alikuwepo.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1992, katika zahanati iliyo nyuma ya karakana ya malori, akiwa mtoto wa kwanza na wa pekee wa kaka yangu, dereva wa lori, na wa wifi yangu, msafishaji wa maofisi, ambaye mnamwona amekaa pale mbele, na ambaye wengi wenu, tusidanganyane, leo mmempa pole kwa ncha za vidole.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza Januari 1999, akasoma mpaka akamaliza la tano Desemba 2003, na katika ripoti yake ya mwisho mwalimu aliandika kuwa ana mwandiko mzuri, hesabu za kuridhisha na maswali mengi kuliko muda wa kipindi. La sita hakulifikia, kwani Septemba ya mwaka huo breki za lori zilikataa kwenye mteremko, kaka yangu akafariki, na nyumba ikabaki na mshahara wa fagio moja.

Kuhusu kazi, Jumatatu tarehe 5 Januari 2004, siku ambayo wenzake walikuwa wakifungua shule, aliingia kiwanda cha suruali. Hapa nisimame kidogo. Juzi mchana meneja wa kiwanda, ambaye tunaye safu ya pili pamoja na shada lake la maua, aliniletea aya iliyokwisha kupigwa chapa, ili nimwekee hapa hapa kwenye sehemu ya kazi, inayosema kwamba marehemu alijiunga na familia ya kampuni akiwa kijana mwenye ndoto. Nimeisoma, imeandikwa vizuri, haina hata kosa moja la tahajia, ila aliyejiunga alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndoto aliyokuwa nayo ilikuwa ni darasa la sita. Kwenye fomu ya ajira ikaandikwa kwamba amezaliwa 1987, yaani ana miaka kumi na sita, kwa sababu kampuni inayouza suruali hizo, ambayo iko ng'ambo na haina kiwanda hata kimoja, ina wakandarasi tu na kitabu cha maadili chenye picha ya mtoto anayecheka darasani, ilikuwa imekataza kuajiri mtu yeyote wa chini ya hapo.

Kitengo chake kilikuwa cha kuchakaza. Kwa wasiojua, wanunuzi wa huko wanapenda suruali mpya ionekane imevaliwa miaka mitano na mtu aliyefanya kazi kwelikweli, basi watu wazima walishika bomba la kupuliza mchanga, na wadogo wakasugua mapaja, magoti na pembe za mifuko kwa msasa, kwa kuwa vidole vidogo hufika pale vidole vikubwa visipofika. Madirisha yalizibwa kwa mbao ili vumbi lisichafue nguo za kitengo cha jirani, mlango ulifungwa kwa nje mpaka saa ya chakula, na walipofunguliwa walitoka vichwa vyeupe, naye kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote na mweupe kuliko wote, wakamwita Kibibi. Jina likamganda. Nadhani hapa tumo wachache tunaolikumbuka lile alilopewa na baba yake.

Tarehe 19 Oktoba 2004 walikuja wakaguzi kutoka ng'ambo, na mimi nilikuwepo, nilikuwa nafanya kazi ofisini, humo humo kiwandani, na kwa kuwa nilikuwa na digrii na lugha ya wageni, nikawa mkalimani wao. Watoto ambao hata kipofu angewatilia shaka walifungiwa stoo ya maboksi, Kibibi akaachwa kwenye mstari kwa sababu karatasi zake zilikuwa safi, akaazimwa viatu virefu vya msimamizi na kuambiwa asitembee. Mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye kalamu shingoni, akamuuliza ana umri gani. Kibibi akaniangalia, akasema, "Mwulize shangazi, yeye ndiye anayejua." Mstari mzima ukacheka. Mgeni naye akacheka bila kujua anacheka nini, akaniuliza binti amesemaje, nikamjibu kwamba amesema ana miaka kumi na saba.

Mwaka 2006 aliomba mwenyewe kurudi shule, akaenda na mama yake kwa mwalimu mkuu, ambaye alitazama karatasi na kusema kwamba hawezi kumweka mtu wa miaka kumi na tisa dawati moja na watoto. Alikuwa na kumi na minne. Akarudi kwenye msasa.

Kuhusu ndoa, tarehe 29 Novemba 2008 alifunga ndoa na mpiga pasi wa kiwanda hicho hicho, mkwe wetu tuliye naye hapa, na ofisa aliyewafungisha alikitazama kitambulisho kilichosema ishirini na mmoja, hakumtazama bibi harusi aliyekuwa na kumi na sita. Mkwe mwenyewe aliambiwa ukweli wiki ya tatu, akaweka pasi chini na kuuliza, "Sasa mimi nimeoa nani?" na Kibibi akamjibu kwamba hata yeye angependa kujua, akipata jibu amshtue. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2010, na mwana aliyezaliwa 2013. Binti huyo leo ana miaka kumi na mitatu, yuko sekondari, na ndiye aliyeniuliza jana, mbele ya fundi, kwa nini mama yake ana miaka ya kuchagua.

Mwaka 2011 mimi nilipandishwa cheo nikawa Ofisa wa Maadili ya Uzalishaji, cheo kirefu kuliko meza niliyopewa, nikapata nyumba ya kampuni, na familia yote tukahamia humo, wifi, marehemu, mumewe na mtoto, sote kwenye kuta nne za mwajiri. Juni 2013 waandishi wa habari wa ng'ambo waliandika kuhusu watoto wa kitengo cha kuchakaza, na wiki iliyofuata likabandikwa getini tangazo kwamba kampuni imesikitishwa kugundua kuwa baadhi ya wazazi walileta vyeti vya kughushi, na majina ya wazazi hao yakaorodheshwa, la wifi yangu likiwa la tatu kutoka juu. Tangu siku hiyo mtaani mmemwita aliyemuuza mwanawe. Msitazame chini sasa, wakati wa kumsema hamkutazama chini.

Kuhusu ugonjwa, alianza kukohoa Februari 2015, akatibiwa kifua kikuu mara mbili ambacho hakuwa nacho, mpaka Aprili 2021 daktari wa kifua alipoinua picha yake kwenye mwanga na kuuliza kama mgonjwa aliwahi kufanya kazi ya kuchonga mawe, maana mapafu aliyokuwa akiyatazama yalikuwa ya mzee. Yeye na wenzake ishirini na watano wakamtafuta wakili, na mwaka 2022 kampuni ikajibu kwa barua kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu hakuna aliyeajiriwa chini ya miaka kumi na sita, na kama yupo, mzazi wake ndiye aliyedanganya. Wakili akasema anahitaji karatasi moja tu, hata ya mtu mmoja, inayoonyesha kwamba ofisi iliujua umri wa kweli siku ya kuajiri.

Jumatano tarehe 8 Mei mwaka huu, saa ya kutazama wagonjwa, Kibibi alivua barakoa ya hewa akaniuliza, "Shangazi, ile kadi yangu ya kliniki iko wapi?" Nikamwambia, imepotea, mama, tulipohama. Akanitazama. "Imepotea, au umeipoteza?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kilipotulia akageukia ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mama yake akiwa amemshika miguu.

Familia inamshukuru daktari wa kifua na wauguzi wa wodi namba sita, waliompa hewa hata ilipokuwa ya kugombania, inawashukuru majirani kwa viti na maturubai, na wenzake wa kuchakaza, hasa wale waliokuja leo huku wakipumzika kila hatua kumi. Meneja, aya yako nakurudishia ikiwa nzima.

Mmenisikia nikisema kwenye fomu ikaandikwa 1987, kama kwamba kalamu ilitembea yenyewe. Karani wa ajira mwaka ule nilikuwa mimi. Wifi yangu hakughushi chochote, alikuja na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kweli, akaomba mtoto apewe japo kazi ya kufagia mpaka mambo yatengemae, na mimi, msomi wa ukoo, nikaona namsaidia, nikaandika 1987 kwa mkono wangu, kadi nikaitia mkobani, nikijiambia ni kwa mwaka mmoja tu. Mwaka uliofuata kuirekebisha kungekuwa kukiri ule wa kwanza, na uliofuata miwili, na hivyo hivyo mpaka ikawa ishirini. Tangazo la getini niliandika mimi, jina la wifi niliweka mimi, kisha nikaenda nyumbani nikamwambia, "Wifi, nyamaza, ukisema tunatolewa nyumba sote," naye akanyamaza miaka kumi na mmoja mkimsema. Na kadi haikupotea. Wakili, nakuona umesimama pale nyuma, njoo uichukue, hii hapa, ina mhuri wa zahanati, na nyuma yake ina mhuri wa kupokelewa wa ofisi yangu, tarehe 5 Januari 2004, nami nitakuja kueleza popote nitakapoitwa. Nilimdanganya mgonjwa kitandani mwake kwa sababu ya nyumba. Nilifanya mimi.

Fundi, andika 1992.

Pumzika sasa, mwanangu, pumzika ukiwa na miaka yako mwenyewe.