Saa Iliyolia Katikati ya Maombi

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Itikieni kwa nguvu, na ukijisikia unahema usiogope, maana habari niliyokuja nayo leo ni ya kuhema huko huko.

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Baba Akinyi, fundi wa nguo hapa Nyalenda, Kisumu, na kanzu nyingi nyeupe ninazoziona mbele yangu zimetoka kwenye cherehani yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga ngoma tukiandamana barabarani na bendera zetu. Kisha mkaona nimeiacha ngoma. Wengine mkasema Fundi amepoa kiroho. La! Fundi alikuwa anaogopa kufa!

Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa kutwa nzima, cherehani inasonga mbele, na tumbo nalo linasonga mbele. Nilipopimwa presha nikaambiwa imeanza kupanda, nifanye mazoezi, nitembee kwa haraka. Binti yangu Akinyi, anayefanya kazi Nakuru, akanitumia saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Nikafurahi sana! Nikavaa raba, nikashika barabara ya Dunga kwa mwendo wa mtu anayefukuza kuku. Jua lilikuwa limeshakolea, na maji sikuwa nimekunywa.

Sijafika mbali, saa ikaanza kulia na kutetemeka. Kutazama, mapigo mia moja sitini na kitu kwa dakika, tena kwa rangi nyekundu! Kifuani moyo ulikuwa unagonga kama mtu anayetaka kuvunja mlango. Nikakaa chini kando ya barabara. Mtu wa boda akasimama.

"Mzee, uko sawa?"

"Nipeleke nyumbani. Mimi nakufa."

Ndugu zangu, msinicheke bado. Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga kule Ahero. Siku moja alianguka shambani akiwa ameshika jembe, na hakuamka tena. Watu walisema ni moyo. Kwa hiyo ile rangi nyekundu nilipoiona, nilijua zamu yangu imefika.

Tangu siku hiyo sikutembea. Ngoma nikaitundika. Nikisikia moyo umeenda mbio kidogo tu, nalala chali. Hofu ni kitu kibaya, jamani! Nikachagua kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikajishonea kanzu nyeupe ya kuzikiwa. Nikaificha kabatini, lakini mke wangu ni nani asijue kilicho kabatini mwake?

"Baba Akinyi, hii kanzu ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja gani huyo ako na shingo yako na mabega yako?"

Nikalia mbele yake, nikamweleza yote. Alijifunga leso akaenda moja kwa moja kwa Pasta.

Na hapa ndipo ninyi mnapoingia, maana mlikuwepo! Mliniweka katikati, mkanizunguka. Mkaimba, mkapiga makofi, mkaruka, na mimi nikaruka pamoja nanyi, huku Pasta akilikemea pepo la moyo: "Toka! Toka!" Saa mkononi mwangu ikalia. Pasta akaongeza sauti, na mapigo nayo yakaongezeka. Tukaruka zaidi, saa ikalia zaidi! Nikasema sasa nimekwisha, hata maombi yamenishinda.

Ndipo Mama Risper, yule muuza samaki anayetembea mbele ya maandamano bila kuchoka, akasimama akipangusa jasho.

"Yawa! Hii saa inabishana na sisi? Hebu ilete hapa."

Akaifunga mkononi mwake, akaendelea kuruka. Saa ikalia! Nyekundu! Mama Risper, ambaye hajawahi kuugua hata mafua! Pasta akaivaa, akaimba ubeti mmoja na kuruka kidogo, ikalia pia. Watu wakaanza kucheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Tukaketi wote, tukanyamaza, tukaomba polepole. Saa ikapita mkono kwa mkono, na kila mkono namba ilikuwa inashuka. Ikarudi kwangu, na yangu ikashuka pia.

Pasta akasema, "Fundi, mimi naona tulikuwa tunakemea kazi ya mikono ya Mungu. Kuomba tumeomba. Kesho nenda ukapimwe."

Nikaenda. Kwa sababu ya habari za baba yangu, daktari hakufanya mchezo. Alinibandika waya kifuani, mashine ikachora mapigo yangu kwenye karatasi. Moyo mzima! Akanieleza kwamba misuli ikifanya kazi inataka damu, na moyo ndio unaokimbia kuipeleka. Mwili usiozoea unaukimbiza zaidi, na jua la Kisumu, kiu na hofu vinauongezea mbio. Nianze taratibu, kwa mwendo ambao bado naweza kuongea na mwenzangu, kisha nitazame kama mapigo yanashuka nikipumzika. Lakini nikiumwa kifua, nikipata kizunguzungu, nikikosa pumzi kabisa, au moyo ukienda mbio nami nimeketi tu, niache mazoezi nitafute hospitali mara moja. Nanyi mlishike hilo!

Leo natembea na mke wangu mpaka Dunga, tunapiga hadithi njia nzima, na ile ile safari moyo wangu unaifanya bila kelele. Ndugu zangu, kumbe tangu tumboni mwa mama yangu huyu mtumishi hajawahi kupumzika, na mimi nilikuwa namwita adui! Ero kamano, Nyasaye! Asante, Mungu wangu!

Wewe uliyekaa hapo na hofu umeifungia kifuani, usishone sanda yako kabla hujaitwa. Mwambie Mungu, mwambie mkeo au mumeo, kisha nenda ukapimwe. Yeye aliyeuwasha huo moyo anaujua.

Na kanzu? Ndiyo hii niliyoivaa! Mnaona inavyonipwaya? Kiuno kimepungua. Mama Akinyi anataka niipunguze, na nitaipunguza kesho. Kwa sasa, nani ameshika ngoma yangu? Ileteni hapa!