Mama Gariglio na Maharage ya Ukumbi wa Tatu

Mama Secondina Gariglio anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, baada ya kuulinda Ukumbi wa Tatu wa jumba letu la sanaa hapa Torino kwa miaka thelathini na moja. Alianza kwa kusafisha ngazi. Ukumbi alipewa kwa sababu sisi walinzi wengine tuliukataa, hata mimi Bertolino, niliyeishia darasa la tano lakini nimewafumbua macho maprofesa wengi.

Ni ukumbi wa Sanaa Fukara. Mwishoni mwa miaka ya sitini vijana wa mji huu walichoshwa na rangi za mafuta na fremu za dhahabu, wakaokota kilichokuwa karibu: makaa, udongo, mablanketi makuukuu, vyuma vya viwandani. Hawakuchora uzito, walileta jiwe likuelemee mwenyewe. Kitu kikioza, kikilegea au kikiota, huko kuoza na kuota ndiyo kazi yenyewe. Mimi sikuwaamini. Mmoja nilimwambia usoni kwamba kwa baba yangu tulikuwa na banda zima la sanaa hiyo. Alinikumbatia, akataka kulinunua banda. Nilikataa.

Kazi kubwa ya ukumbi ni ya marehemu Evasio Rolfo: sinia la chuma lenye udongo, maharage arobaini ndani yake, na juu bamba la madini ya risasi lisiloinuliwa na mtu mmoja. Maharage yanaota, yanaliinua. Nguvu hiyo ndiyo tunayowaonyesha wageni.

Mwaka jana akaja mkurugenzi mpya, Dokta Valsania, na minong'ono ikaanza. Mama Gariglio akienda likizo, maharage yanaoza. Akirudi, bamba linapanda. Ikasemwa kwamba analeta kutoka kwao maharage yaliyokwisha kuota na kuyapenyeza chini. Ikiwa ni kweli, kazi ya Rolfo ni uongo, na Mama Gariglio atafukuzwa bila hata mkono wa kwaheri, miezi miwili kabla ya kustaafu. Mkurugenzi alitaka mtu wa kumvizia, mwenye akili na macho makali. Nani mwingine?

Basi saa kumi na mbili asubuhi nikajilaza katikati ya rundo la mablanketi, ambalo nalo ni sanaa. Nilikaa saa nzima bila kupepesa. Panya alinipita akidhani mimi ni sehemu ya kazi. Mama Gariglio akaingia, akatazama nyuma, akatoa kitu mfukoni na kukisukuma chini ya bamba. Nikaruka.

"Nimekushika, Mama Gariglio."

"Umenishika na nini, Bertolino? Toka kwanza kwenye mablanketi ya watu."

Kilikuwa kipimajoto cha jikoni. Akanionyesha: nyuzi kumi. Mkurugenzi alikuwa ameweka mashine ya kupoza ukumbi mzima, kama tunavyotunza picha za kale za malaika. Kila asubuhi Mama Gariglio alikuwa akiizima na kufungua dirisha la upande wa jua. Uchawi wake wote ulikuwa huo. Nilimpekua mkoba hata hivyo. Mkate na jibini tu.

Nilimweleza Dokta Valsania, akaitisha kikao, akamuuliza Mama Gariglio ni nani aliyemruhusu kugusa mashine.

"Marehemu," akajibu Mama Gariglio. "Barua yake umeitundika mwenyewe nyuma ya kiti chako. Ina kioo kizuri sana. Isome, mwanangu."

Mkurugenzi akageuka, akasoma kwa sauti: chumba kiwe na hewa ambayo mtu angekaa nayo nyumbani kwake. Barua ilikuwa imetundikwa mwaka mzima. Alikohoa kwa muda mrefu, na kikohozi kile sikukiamini hata kidogo. Mashine iliondolewa wiki hiyo.

Sasa sikilizeni. Jumatatu hii Mama Gariglio amepanda maharage yake ya mwisho, ili bamba liwe limeinuka siku ya kumuaga. Jana mtu mmoja wa ghorofa ya juu, waliko wakubwa, jina nalihifadhi, alinivuta pembeni. Akanong'ona kwamba wageni wa heshima watakuja, na je, nisingeweza kupata machache yaliyokwisha kuota? Nilimjibu kwa maneno ambayo jarida hili la jumba letu haliwezi kuyachapa. Nilipomsimulia Mama Gariglio, alisema yasipoota, basi wageni wataona maharage ambayo hayajaota, na hiyo pia ni kazi ya Rolfo.

Jarida linakwenda mtamboni leo Jumatano. Bamba bado limelala. Nimeweka kiti changu kando ya sinia, na mpaka Ijumaa hakuna anayelikaribia, awe mkurugenzi au nani.

Asante kwa miaka yote, Mama Gariglio. Nenda ukapumzike, ule vizuri, uamke saa unayotaka. Bamba liinuke au lisiinuke, kila atakayeingia nitamwambia kwamba hakuna mkono uliolisaidia.