Sifuri na Uzito wa Mtoto

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemea ukuta wa kinyozi na kutazamana na mlango wa zahanati. Hapo kila asubuhi tunakaa watu ambao dunia ingetusikiliza ingekuwa imeshanyooka, na kwa kuwa haitusikilizi, tunakunywa kahawa. Kuna Kipaza, kinyozi mwenyewe, anayenyoa kichwa kimoja kwa saa mbili kwa sababu mdomo wake na mkono wake haviwezi kufanya kazi pamoja. Kuna Mstahiki, karani aliyestaafu, mwenye methali kwa kila jambo na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Kuna mimi, mchonga funguo. Na kuna jamaa wa laptopu, anayetengeneza programu, ambaye asubuhi hiyo alifika kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyeleta jua. Shangazi ndiye mwenye birika, na ndiye peke yake pale anayefanya kazi.

— Sifuri! — akasema jamaa kabla hata ya salamu. — Nimefika sifuri!

— Umefeli nini tena? — Kipaza akauliza.

— Maonyo, kaka! Yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Sasa hivi hakuna hata moja.

Hapo hapo tukambatiza Sifuri. Ikabidi atueleze, na alieleza kwa sauti ya mtu anayefundisha kuku kusoma. Kuna programu huria, haina mwenyewe, imeandikwa na watu waliotawanyika huku na kule, na yeyote anaweza kuifungua akarekebisha. Ndiyo hiyo inayotumika pale zahanati: muuguzi anaingiza habari za mtoto, inatoa karatasi ya dozi. Halafu kuna programu nyingine, wanaiita mkaguzi. Inasoma mistari ya ile ya kwanza bila kuiwasha, inalalamika: hapa pana shaka, pale pana kasoro; malalamiko hayo ndiyo maonyo. Atakayemaliza malalamiko yote anaingizwa kwenye orodha ya watunzaji, na orodha hiyo Sifuri alikuwa anaiota mwaka mzima.

— Saa sita wanapitia kazi yangu, — akasema. — Wakikuta kijani, yaani hakuna onyo, jina langu linaingia.

— Kwa hiyo huyo mkaguzi anasoma tu, hajaribu? — Kipaza akauliza.

— Anasoma tu.

— Basi ni mama mkwe wangu huyo! Yuko mlangoni, hajaonja, ameshajua chumvi imezidi.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, — Mstahiki akadakia, — mgonjwa haulizwi uji.

Tukasubiri aeleze. Hakueleza. Hajawahi.

— Mia nne na ushee, — nikasema mimi, — umeyatengeneza kwa siku ngapi?

— Mbili.

Nikamtazama. Kufuli moja lililokwama hunila nusu siku.

— Yote?

— Yapo niliyotengeneza. Nafasi zilizozidi, majina yaliyoandikwa ovyo, vitu kama hivyo. Mengine nimeyanyamazisha.

— Onyo linanyamazishwaje?

— Unaweka alama juu ya mstari. Inamwambia mkaguzi, hapa pita, usitazame.

— Ala! Basi na mwizi aandike mlangoni kwake: askari, hapa pita.

— Wewe chonga funguo, mzee. Kila mtu anafanya hivyo.

Nilikereka, na sikuficha. Mtu akikuletea kufuli linalokwaruza, kazi yako ni kujua linakwaruzwa na nini. Kulimwagia mafuta lisisikike ni kazi ya mjinga yeyote mwenye kopo.

Wakati huo akavuka mama mmoja kutoka zahanati, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Dirisha la dawa lilikuwa halijafunguliwa, akaomba kukaa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Mstahiki akasema, huku akimsukumia upande wa tofali ili yeye apate nafasi.

Mama akakaa, akapokea kikombe kwa Shangazi. Sisi tukaendelea, maana mbele ya mgeni ndipo tunapojua zaidi.

— Mimi nawaambia, hayo maonyo ni wivu, — Kipaza akasema. — Kuna watu walishindwa kutunga programu, wakatunga ya kuwasema waliotunga.

— Si wivu, — Mstahiki akasema. — Ofisini kwetu alikuwepo mkaguzi, alistaafu Ijumaa, Jumatatu akarudi. Nyumbani hana wa kumkosoa. Watu wa namna hiyo ndio wanaowekwa mle ndani.

— Ndani ya nini, Mstahiki?

— Ya mtambo. Wanaminywa mpaka wanaingia.

— Aaa! Basi ukimnyamazisha anaweka kinyongo! — Kipaza aliruka kama aliyekaa kwenye msumari. — Ndiyo maana mashine yangu inazimika nikifika nusu kichwa! Ni yeye! Anapita kwenye nyaya!

— Kimya kingi kina mshindo, — Mstahiki akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa methali yake ikakaribia mahali pake. Mwenyewe hakugundua.

Sifuri akaguna, akafungua laptopu.

— Bure kabisa ninyi. Hebu niwaonyeshe huyo mkaguzi wenu alivyo mpuuzi. Onyo la mwisho lilikuwa hili hapa. Linasema: uzito umehesabiwa, haujatumika popote. Yaani mtu kaandika mstari wa kuchukua uzito, akauweka sawa kwa kilo, halafu basi. Huko mbele hakuna anayeugusa. Takataka.

— Ukafanyaje?

— Nikaufuta mstari, onyo likafa. Hilo sikulinyamazisha. Hilo nimelitengeneza!

— Safi sana, — Kipaza akasema. — Kisichotumika kitupwe.

— Usipoziba ufa, utajenga ukuta, — Mstahiki akamalizia.

Hata mimi nikacheka, na kicheko hicho kinaniaibisha mpaka leo.

Yule mama akaweka kikombe chini.

— Samahani, kaka. Uzito wa nani?

— Wa mtoto yeyote, dada. Anayetibiwa.

— Wa kwangu wamemvua nguo zote pale ndani. Wamempima mara mbili kwa sababu alikuwa anarusha miguu. Muuguzi akaandika kwenye mashine, nikiona. — Akainyoosha karatasi juu ya goti. — Ana mwaka na nusu, lakini mwili hana, alizaliwa kabla ya siku zake. Sasa kama uzito hautumiki, hii dozi wameipata wapi?

Sifuri akaivuta laptopu magotini, akashuka na kidole mstari kwa mstari, akitafuta dozi inapigwa kwa nini. Niliona midomo yake ikisema: umri. Ikashuka tena: umri. Ikafika mwisho: umri.

— Kahawa imekwisha, — Shangazi akasema, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

Dirisha la dawa likafunguliwa. Mama akainuka, akamkaza mtoto mgongoni, na hakuelekea dirishani. Alirudi kwa muuguzi na karatasi yake.

Sifuri akaurudisha ule mstari aliofuta. Kijani kikaondoka kwenye kioo, maandishi yakatokea, na Kipaza akayasoma polepole bila kuongeza neno lake hata moja:

— Uzito umehesabiwa, haujatumika popote.

Sifuri akasimama, laptopu ikiwa wazi mikononi, akaanza kuvuka barabara kumfuata yule mama.

— Na yale uliyoyanyamazisha? — nikamwuliza kwa nyuma. — Yalikuwa yanasema nini?

Akaingia mlango wa zahanati.