Senene Mwachieni Evodius

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, msogee karibu, maana pumzi iliyobaki sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Mambo ya nyumba hayana mjadala: kila kilichomo humu Tensta, hapa Uswidi, ni cha mama yenu Theresia, nimeshamwambia, bunduki ya kuwindia irudisheni polisi, na shamba la Bukoba ni lenu wawili, atakayeliuza bila mwenzake asije kaburini kwangu. Linalonikera mpaka nakosa usingizi ni la huyu mbwa.

Evodius, nilikusikia jikoni. Ulidhani nimelala. Ulimwambia dada yako Adelina kwamba nikishazikwa utampeleka Senene kwa daktari wa mifugo akachomwe sindano ya kufa, kwa kuwa ni mjinga na hafundishiki.

Nimewaeleza mara ngapi mbwa huyu alikotoka, nanyi mnaangalia saa? Wajerumani walikuwa na mbwa mzito wa zamani, wanasema asili yake Hispania, mwenye pua kali lakini mvivu wa miguu. Matajiri waliweza kufuga mmoja wa kutafuta ndege, mwingine wa kuogelea, mwingine wa kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, ila mwindaji wa kawaida alitaka mmoja ayafanye yote. Basi, miaka mia na zaidi iliyopita, wakamchanganya na mbwa wa Kiingereza wenye mbio, wakachagua, wakachagua tena, mpaka wakampata huyu: manyoya mafupi, hachoki, anaingia maji ya baridi kumfuata bata, na akinusa kware anaganda, mguu mmoja juu, pua imemwelekea ndege, asimguse mpaka ufike. Waswidi humwita vorsteh. Mimi wa kwanza wa aina hii nilimwona akiganda hivyo kule Hässelby mwaka wa sitini na nane, nikiwa mgeni nisiye na wa kuongea naye, nikampenda palepale, kwa sababu nilikuwa nimeona kiumbe kimoja katika nchi hii kinachomngoja mwenzake.

Senene nilimpata mdogo, akikimbiza panzi uwanja wa Järva, nikampa jina la kitoweo cha kwetu. Nikamfundisha kwa Kiswahili. Ningemfundisha kwa lugha gani? Nyinyi nikiwauliza kama mmekula, mnanijibu Kiswidi mkiwa mmenipa kisogo. Yeye nikimwambia lala, analala.

Sasa, Adelina ameniambia ya siku ile. Ulimtupia bata bandia wa mazoezi kwenye majani marefu, Evodius, ukamwambia leta. Kwa Kiswidi chako neno hilo ni kutafuta. Kwa Senene, na kwangu, na kwa bibi yako aliyekubeba mgongoni, leta ni leta. Akaona glavu yako imeanguka, akaiokota, akakupa mkononi. Ukarudia, naye akarudia. Ukampiga kwa mnyororo. Hivi alikosa nini? Alikuwa anangoja umwambie tafuta, neno dogo tu, nawe ulikuwa nalo kabla hujaota meno. Umempiga kwa kuijua lugha ya mama yako kuliko wewe, na hilo linaniuma kuliko huu ugonjwa.

Kwa hiyo sikilizeni. Senene hachomwi sindano. Adelina, najua unampenda, lakini bweni lenu la wauguzi halitaki mbwa. Nampa Evodius. Ndiyo, wewe, usigeuze uso. Utamtoa asubuhi na jioni, na utamwambia maneno yangu, simama, tafuta, leta, lala, naye akikutii utajua umeyasema sawasawa. Ukipata watoto, watayasikia ukimwita mbwa, kama hawatayasikia kwa njia nyingine. Naona uchungu kumwachia mbwa kazi iliyonishinda mimi, lakini nifanyeje?

Nipe maji, Adelina. Inatosha... inatosha, mama.

Evodius, chukua kofia yangu, itupe pale mlangoni. Sasa sema leta. Siyo hivyo, hiyo ni ya Kiswidi cha shuleni. Sema kama bibi yako alivyokuwa akikutuma chumvi.

Haya. Anakuja.

Msimwelekeze kwangu, mwacheni... Amenipita. Amekuletea wewe. Pokea, mwanangu, mshukuru.

Mungu awatunze. Awape... awape kusikilizana humu ndani. Nimechoka sasa. Evodius, mtoe nje, hajakojoa tangu asubuhi.