Mwalimu Nipo na Namba Kumi na Saba

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wenzake, nanyi wanafunzi wake ambao leo mna mvi kutushinda sisi, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee safari ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Nipo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, aliacha karatasi mezani yenye mistari miwili tu, kwamba historia yake isomwe yote bila kufichwa, na kwamba jina la mwenzake wa dawati lisitajwe kwa sauti. Kwa hiyo tutamtaja kwa namba yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi seremala na mkewe mshonaji, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana, akaanza darasa la kwanza Januari 1949, akaandikwa kwenye rejesta namba kumi na nane, akakalishwa dawati moja na namba kumi na saba, mtoto wa dobi, na tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Mwalimu wao alikuwa mama mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho, ambaye watoto walimpachika jina la Bi Wino, kwa sababu vidole vyake viwili vilikuwa vya buluu siku zote. Alikuwa na sheria mbili. Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, aliita majina, aliyeitwa akasimama na kujibu "Nipo," naye akatia alama ya vema kwa wino, na kilichotiwa wino hakikufutwa. Ya pili, hakuna aliyetoka darasani, hata awe ameshikwa na tumbo, bila kusema "Naomba ruhusa," na kujibiwa "Ruhusa."

Namba kumi na saba alikuwa mchelewaji, maana asubuhi alipeleka nguo za wateja wa baba yake, kwa hiyo marehemu alizoea kumjibia, akiigiza sauti yake ya puani kama ya mwenye mafua, darasa zima likibana vicheko, na Bi Wino, aliyeinamia rejesta, asijue. "Wewe lala tu," alimwambia rafiki yake, "ukiitwa, upo."

Jumatatu tarehe 10 Septemba 1951 shule ilifunguliwa, na marehemu, aliyerudi usiku uliotangulia kutoka likizo kwa shangazi yetu, akamjibia mwenzake kama kawaida, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Msichana wa dawati la mbele aligeuka akamwambia, "We mjinga, huyo tulimzika Ijumaa. Homa." Bi Wino, ambaye naye alikuwa hajapata habari, alikuwa ameshatia alama.

Kesho yake Bi Wino alikuja na rula, akikusudia kulikata jina kwa mstari, ila kwa taratibu yake akaliita kwanza, mara ya mwisho. Marehemu alituapia maisha yake yote kwamba alikuwa amefumba mdomo na kuuma ulimi, na wenzake wanne walionihadithia kila mmoja kwa wakati wake wamesema hivyo hivyo, kwamba kutoka upande mtupu wa lile dawati sauti ya puani ilijibu, "Nipo." Bi Wino alipatazama pale mahali kitambo, akaiweka rula chini, akasema, "Haya, kaa, mwanangu," akatia alama. Alifanya vivyo hivyo kila asubuhi mpaka shule ilipofungwa Desemba, na ukaguzi wa mwaka ule ulikuta mahudhurio ya namba kumi na saba ni kamili, hakuwahi kukosa wala kuchelewa.

Marehemu aliingia chuo cha ualimu mwaka 1959, akaanza kazi Januari 1961, akafundisha madarasa ya chini katika shule tatu hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1996, na ninyi mliopita mikononi mwake mnajua kwamba dawati la mbele kushoto lilikaliwa na mtu mmoja, hata darasa lifurike vipi, na kwamba watoto thelathini na wanane walipoitikia, aliyekuwa nje dirishani alihesabu sauti thelathini na tisa. Mwalimu mkuu mmoja alimtania, "Mwalimu, mbona hesabu yako ina mtoto wa nje?" Marehemu alicheka na wenzake.

Jumamosi tarehe 7 Agosti 1965 alifunga ndoa na shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza mwaka 1966 na kitinda mimba 1977, na shemeji, ambaye hana ulimi wa kuficha, husema wazi kwamba aliolewa na watu wawili, maana kwenye benchi la mezani mumewe aliacha nafasi mkono wa kushoto, na mgeni akikaa pale aliombwa kwa adabu asogee.

Mwaka 1974 alimtafuta Bi Wino, aliyekuwa mzee na haoni tena, katika chumba cha uani chenye kitanda, viti viwili na kopo la chaki. Kabla hajasalimia, yule mama aliuliza, "Mmekuja wote wawili?" Marehemu alimpigia magoti amtolee mwenzake ruhusa, kwa sababu mtoto wa watu alikuwa amekaa darasani miaka ishirini na mitatu kwa kosa lisilo lake, Bi Wino akamjibu, "Rejesta nilishakabidhi, baba. Aliyemjibia ndiye atakayemwombea. Siku ukitoka wewe, usije ukatoka peke yako ukamwacha." Tangu hapo kaka hakuogopa kufa, aliogopa kufa usingizini.

Alianza kuugua figo Novemba 2018, akalazwa mwezi Februari, akakataa dawa zote za kumlaza asubuhi. Jumanne tarehe 12 Machi 2019, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sabini na minane, muuguzi wa zamu alipita na faili akiita majina ya wagonjwa, na alipofika kwake marehemu hakujibu "Nipo" alivyozoea, bali alijiinua kwa viwiko, akasema, "Mwalimu, tunaomba ruhusa." Yule binti, akidhani ni uzee, akamjibu kwa upole, "Ruhusa, babu. Nendeni." Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi, na hapo hapo kaka akakata roho. Tulipomuuliza yule muuguzi kwa nini alisema nendeni, alisema aliitikia alivyoombwa, na kwamba walishukuru wote wawili.

Familia inawashukuru madaktari, yule muuguzi hasa, majirani waliotuachia nyumba zao, na walimu waliobeba jeneza. Tuna ombi moja. Hivi punde jina la marehemu litaitwa kaburini, na najua wanafunzi wake mmezoea, ulimi unaweza kuteleza. Jina likiitwa, tafadhalini, mtu asijibu, hata kwa mapenzi.

Pumzika kwa amani, kaka. Pumzikeni kwa amani.