Dizeli ya Mifuko

Kwenye boti ya kutoka Ujiji kwenda Katonga, Pastory alikuwa akimweleza Goreth, mama mkimbizi kutoka Burundi, namna anavyookoa mazingira. Anaokota mifuko ya plastiki ya mbolea mashambani Kalinzi, anaipika ndani ya pipa, inatoa dizeli. Koti lake lilinuka kama kibatari, kwa hiyo nilimwamini.

“Na hilo pipa unalichemsha kwa moto wa nini?” Goreth akauliza.

“Kuni tu, mama.”

“Mana yanje, Mungu wangu! Sisi wakimbizi tukikata kuni za kupikia maharage tunanyang’anywa, eti tunamaliza msitu. Wewe unapika mifuko, unaitwa mtaalamu?”

Pastory akaanza kutazama ziwa kama mgeni.

Tulipofika Katonga, nahodha akazima injini, akatuomba tusimame wote: mtaalamu apakue kuni zake tulizozikalia tangu Ujiji.